Asali Iliyovuka Mto

Neno lililooshwa hujibiwa kwa asali.

Vijana waliisikia methali hiyo mchana, kwenye kikao cha ukoo. Baba mmoja alikuwa anaeleza kwa nini binti yake aliyeolewa amerudi nyumbani na mtoto mgongoni. Alisema wana tofauti ndogondogo za kinyumba na mumewe. Bibi Nanzia, aliyekaa pembeni akichambua maharage, akaitamka methali ile bila kuinua kichwa, na wazee wakageuka kumtazama.

Jioni wajukuu walimfuata jikoni kumuuliza. Mmoja wao alidhani ni methali ya kusifu adabu: sema vizuri, nawe utajibiwa vizuri. Bibi Nanzia akamsogezea kigoda.

"Shule mmesoma, lakini masikio yenu bado mabichi," alisema. "Kaeni chini. Na wewe uliye karibu na jiko, koroga huo uji, usije ukaungua kwa sababu ya hadithi. Methali hii ilianza hivi."

Zamani, kabla barabara ya gari haijapanda milima ya Upare, palikuwa na kijiji juu kabisa kilichoitwa Ngondweni. Chini yake, mwendo wa siku moja na nusu, ilikuwapo tambarare ya joto yenye mashamba ya mpunga. Kati ya juu na chini ulipita mto Nambeshe. Vijana walishuka kutafuta ardhi huko tambarare, na mabinti wakashuka nyuma yao kwa kuolewa. Waliobaki juu ni wazee, na kina mama wenye kuuliza kila apitaye kama ametoka chini.

Salamu zilibebwa kwa mdomo. Kijiji kilikuwa na mchukuzi wake wa salamu, Mzee Kajiru, mtu mpole, mwenye kumbukumbu isiyovuja hata tone. Kila ilipofika siku ya soko alishuka na salamu za huku, akapanda na salamu za kule. Watu walimpenda. Hata mbwa wa Ngondweni hawakumbwekea.

Sasa kulikuwa na desturi. Mchukuzi akifika mtoni hakuvuka tu. Aliweka fimbo chini, akasukutua mara tatu, kisha akayaosha maneno aliyobeba. Kuosha maana yake ni hivi: kila neno gumu alilitafutia jina laini kabla ya kulifikisha mlangoni kwa mtu. Msicheke, desturi ile haikuzaliwa na ujinga. Miaka ya nyuma mchukuzi mmoja alimkuta mwanamke mjamzito anatwanga, akamwambia papo hapo kwamba mumewe ameliwa na mamba. Mwanamke alianguka juu ya kinu na mimba ikatoka. Wazee wakaapa kwamba neno gumu halitavuka tena mto likiwa uchi.

Tangu hapo mtu aliyekufa alisemwa kuwa amepumzika, na mchukuzi alijipaka majivu usoni ili jambo lieleweke. Kukiwa na njaa, ilisemwa chungu kinapumua, na mchukuzi alikuja na kikapu kitupu mkononi. Lakini mambo ya mume na mke hayakuwa na majivu wala kikapu. Yalikuwa na neno moja tu, nalo ni "wanazoeana". Bibi arusi akiunguza chakula, wanazoeana. Wakinuniana siku mbili kwa ajili ya kuku, wanazoeana. Na mume akimpasua mkewe mdomo, hao nao wanazoeana. Neno lilikuwa moja, na msikiaji alijichagulia uzito wake. Ni mama gani, aliye mbali na mwanawe, atachagua zito na jepesi lipo?

Katika kijiji hicho aliishi mjane aitwaye Navoneiwa. Mungu alimpa mtoto mmoja, Nakiete, na Nakiete aliolewa tambarare na kijana wa Ngondweni hiyohiyo aliyekwenda kulima huko, jina lake Mrindoko. Harusi ilikuwa nzuri. Siku ya tatu wakaondoka, na Navoneiwa akabaki na nyumba.

Alimkumbuka binti yake mpaka mwili ukamuuma. Jioni alipima unga wa watu wawili kwa mazoea, kisha asubuhi akala kiporo peke yake. Aliona aibu kujiita mpweke, kwa sababu binti kuolewa ni heshima, hivyo alisema ana baridi. Kila alfajiri alisimama nyuma ya nyumba akatazama tambarare. Moshi wa mioto mingi ulipanda kule chini, naye akachagua mmoja, karibu na mti uliopinda, akaamua kuwa ule ni wa Nakiete. Hakuwa na hakika hata kidogo. Ila usipokuwa ukungu, hakuingia ndani kabla hajauona ukipanda.

Mwezi wa nne tangu harusi, Mzee Kajiru akabisha hodi.

"Nakiete anakusalimu," alisema. "Yu hai. Wanazoeana."

Navoneiwa alicheka. Alikumbuka yeye na marehemu mumewe walivyonuniana wiki nzima kwa ajili ya beberu, mpaka beberu mwenyewe akachoka akahama zizi. Alimpa Kajiru mkeka mpya aliokuwa amemaliza kuusuka, akamtuma aseme hivi: jembe jipya humtoa mtu malengelenge, kisha mkono hukomaa. Usiku huo alilala vizuri.

Baada ya mavuno Kajiru alikuja tena.

"Nakiete anakusalimu. Bado wanazoeana. Mkono wake mmoja umechoka kidogo."

Navoneiwa akasikia fahari. Alijua mkono wa mwanawe, haujawahi kuogopa kazi. Bila shaka ni kupanda mpunga. Nyumbani kwake, chini ya upenu, palikuwa na mzinga wa nyuki wadogo alioachiwa na marehemu. Asali ya nyuki wale ni kidogo, na mwaka mzima haijazi vibuyu vitatu. Alijaza kibuyu kimoja, akakiziba kwa nta. Mama mkwe kumpelekea mkwe wake asali kwa desturi yao ni shukrani, ni kumwambia kwamba umenitunzia mtoto. Na ndivyo alivyomtuma Kajiru aseme.

Mara ya tatu Kajiru alifika mvua zikiwa zimeanza.

"Nakiete anakusalimu," alisema. "Amekukumbuka sana."

Navoneiwa akamwomba arudie. Akarudia. Yule mama akakaa kizingitini akalia kwa furaha, kwa sababu mwaka mzima alikuwa anajiuliza kama mtoto bado anamkumbuka, na sasa jibu limeletwa hadi mlangoni. Kajiru aliomba maji ya kunywa, akapewa, akayashika mkononi bila kuyanywa. Navoneiwa hakuliona hilo. Alikuwa ndani anajaza kibuyu cha pili. "Mwambie na mimi namkumbuka," alisema. "Mwambie tutaonana, mvua zikikatika."

Mvua za mwaka ule zilikuwa kali, na Mzee Kajiru akavimba goti. Masoko mawili yalipita bila salamu.

Siku moja mchana Navoneiwa alikuwa uani na majirani wanapukuchua mahindi, akatokea mwanamke mgeni na kapu la samaki wakavu kichwani. Aliitwa Mwamvita, mchuuzi kutoka chini kabisa ya mto, ambaye hajawahi kupanda mlima ule. Aliuliza Mama Nakiete ni yupi. Navoneiwa akainuka.

"Mwanao ananunua samaki kwangu," alisema Mwamvita, kapu likiwa bado kichwani. "Kasikia napanda huku, kanituma. Anapigwa na mumewe. Anapigwa vibaya. Kasema mwende mkamchukue kabla hajauawa."

Mahindi yakaacha kuanguka kwenye ungo. Jirani mmoja, mtu mzima, akasema kwa upole, kama mtu anayemsahihisha mtoto, "Dada, hukupitia mtoni ukaosha?"

"Kuosha nini? Samaki hawa wameoshwa tangu juzi."

"Maneno."

Mwamvita alimtazama yule jirani, kisha akamtazama Navoneiwa, asijue amekosa wapi. "Mimi nimesema nilivyotumwa," alisema. "Yeye mwenyewe alinishika nguo, akanisemesha mara mbili ili nisisahau."

Navoneiwa hakulia wala hakuuliza zaidi. Alijifunga kanga kiunoni, akaenda kwa shemeji yake Mbonea, akasema, "Nakiete anapigwa." Alisema hivyo tu. Mbonea alikuwa anakula. Alinawa, akawaita wanawe wawili, wakachukua fimbo zao. Kabla jua halijapinda walikuwa njiani. Mwaka mzima neno "wanazoeana" liliinua mkeka na vibuyu viwili. Hili jingine lilisemwa mara moja tu, likainua wanaume watatu na mjane mmoja.

Njiani Navoneiwa alitembea mbele. Walipokaribia mto alisimama ghafla, Mbonea akadhani ameumia mguu.

"Mkono umechoka," alisema Navoneiwa.

"Tupumzike basi."

"Siyo wangu, shemeji." Akaingia majini.

Walifika siku ya pili, jioni. Nyumba haikuwa karibu na mti uliopinda. Mwaka mzima alikuwa ameangalia moshi wa watu wengine.

Nakiete alikuwa uani anasaga ulezi. Alisaga kwa mkono mmoja. Mwingine aliubana kifuani, umeungana vibaya, kiwiko kimeelekea kusikostahili. Alimwona mama yake langoni. Navoneiwa, ambaye tangu harusi alikuwa akijiona katika ndoto amemkumbatia mtoto huyu, alifungua mikono. Nakiete hakuinuka. Alimtazama kama mtu anayemwangalia mgeni wa jirani.

"Umeleta asali?" aliuliza.

"Mwanangu."

"Nakuuliza tu. Nilikwambia ananipiga, ukanipa mkeka. Nikakwambia amenivunja mkono kwa mpini wa jembe, ukampa yeye asali, ukamshukuru. Alinionyesha kile kibuyu, akasema, 'Unaona? Hata mama yako ameridhika.' Nikakwambia njoo unichukue, mama, nitakufa huku. Siku zote za soko nilikwenda kusimama njiani. Kikaja kibuyu kingine, na maneno kwamba na wewe unanikumbuka."

Navoneiwa alipiga magoti kwenye vumbi la ulezi. "Sikuambiwa hivyo."

"Kajiru hakufika?"

"Alifika. Aliniambia mnazoeana. Aliniambia mkono umechoka. Aliniambia umenikumbuka, nikafurahi." Alimshika mwanawe goti. "Nakiete, nilifurahi."

Hapo ndipo Nakiete alipoacha kusaga.

Mrindoko alitoka ndani anapangusa macho. Alipowaona wanaume watatu wenye fimbo, akawa mtu wa adabu nyingi. "Karibuni, karibu mama. Mngetuma neno tungewapikia. Kama mmesikia yoyote, ni mambo yetu ya ndani haya. Tunazoeana tu."

"Mnazoeana kwa kitu gani, Mrindoko?" alisema Navoneiwa. "Kwa mpini wa jembe?"

"Mama, wewe mwenyewe ulinishukuru."

"Ndiyo. Nilikushukuru." Aliinuka akipangusa magoti. "Kosa hilo nitalibeba mimi. Huyu namchukua."

Mrindoko alipiga hatua moja, Mbonea naye akapiga yake, na ya pili haikupigwa. Baadaye wazee wa tambarare walimweka Mrindoko kikaoni wakamhukumu, lakini hiyo ni hadithi ya wanaume na wao wanaisimulia wakiongeza mambo. Navoneiwa na wenzake waliondoka na Nakiete, na bunda moja la nguo. Mkeka waliuacha.

Mnadhani hapo ndipo pa kupiga makofi. Hapana. Nakiete alirudi Ngondweni, akalala kwenye kitanda chake cha zamani, akala unga wa watu wawili aliopima mama yake. Lakini hakuzungumza. Aliitika, alisema ahsante, alisema shikamoo. Mambo yake hakuyasema. Akiulizwa kama amelala vizuri, alisema vizuri. Akiulizwa kama mkono unamuuma, alisema umechoka kidogo. Navoneiwa akisikia hivyo alitoka nje asionekane. Alimtamani binti yake kuliko alipokuwa mbali, naye yupo hatua mbili tu, anamenya ndizi. Alfajiri alikuwa bado anaamka na kutazama tambarare, kisha anakumbuka kuwa hana mtu tena huko.

Wakati huo wazee waliitisha baraza. Si juu ya Mrindoko, msidhani. Lilikuwa juu ya Mwamvita, kwa sababu amevusha neno gumu likiwa uchi, na walitaka asikanyage tena soko la mlimani. Mzee Mchome, mkubwa wao, alisimama akasema kwa sauti nzuri kwamba watu hutambulikana kwa maneno yao, na neno lililooshwa ni heshima ya nyumba. Akasema kila mtu mzima analijua lililo ndani ya neno laini, hakuna haja ya kulivua nguo mbele za watu.

Mzee Kajiru aliletwa na fimbo mbili, goti bado bovu. Akaulizwa kama alifuata desturi. Alisema alifuata. Kisha akamgeukia Navoneiwa.

"Mara ya tatu nilitaka kukwambia," alisema. "Maji yale uliyonipa hayakushuka kooni. Lakini nilidhani utalifunua mwenyewe. Nilidhani umeshalifunua tangu la kwanza, na umeamua kuvumilia. Nisamehe."

Navoneiwa alisimama. Wanawake wa Ngondweni hawakuwa wasemaji barazani, na yeye hakuwa msemaji hata uani kwake.

"Mzee Mchome amesema neno lililooshwa ni heshima," alianza. "Mimi nimelipokea mara tatu. Neno lililooshwa hujibiwa kwa asali. Nilikuwa na asali, nikaitoa, nikamshukuru mtu aliyekuwa anamuua mwanangu. Ningepewa neno lenyewe ningetoa miguu. Hii hapa, mmeiona. Ilifika kule kwa siku moja na nusu."

Wazee wakaanza kuangalia kucha zao. Mmoja, katika kutaka kulainisha mambo, akamgeukia Nakiete aliyekaa nyuma ya wanawake, akamuuliza kwa sauti ya baba mwema, "Binti yetu, huko kwenu mlikuwa hamwelewani kidogo, siyo?"

Nakiete alikuwa ameinama. Aliinua uso, lakini hakumtazama mzee yule. Alimtazama mama yake, kama vile baraza lote limekwenda nyumbani na wamebaki wawili.

"Mama," alisema, "alikuwa ananipiga. Alinivunja mkono. Nilitaka uje unichukue."

Ni salamu zilezile alizotuma mwaka mzima. Sasa hazikuwa na mchukuzi.

"Nimesikia, mwanangu," alisema Navoneiwa.

Wanasema Nakiete alilia hapo barazani mpaka wanaume wakaona haya wakaondoka mmoja mmoja, na baraza likaisha bila kufungwa. Mwamvita aliendelea kuuza samaki wake. Na mtoni Nambeshe wachukuzi wakaendelea kuosha, lakini waliosha miguu.

Hadithi ya Bibi Nanzia ikaishia hapo. Uji ulikuwa umeiva na hakuna aliyeupakua. Yule mjukuu aliyedhani methali inasifu adabu alikuwa akitazama mlango wa chumba cha uani, ambako binti aliyerudi na mtoto alikuwa amejifungia tangu kikao kiishe.

"Bibi," aliuliza polepole, "kwa hiyo dada anapigwa?"

"Kamuulize yeye, akwambie kwa kinywa chake. Akikwambia, njoo uniambie hivyohivyo alivyosema, usipunguze hata kidogo. Wajomba zako bado wako hapo nje na gari lina mafuta." Bibi akavuta bakuli la kwanza. "Neno lililooshwa hujibiwa kwa asali."